Hodi Bila Karibu

Kila asubuhi, kabla jua halijachomoza vizuri juu ya mlima Loleza, Tumpe alichukua birika na kuvuka ua wa michongoma kwenda kuchukua maziwa kwa jirani yao, Bibi Apolonia. Alikuwa msichana wa darasa la saba pale Ilomba, mjini Mbeya, mwenye miguu mirefu na subira fupi. "Hodi!" aliita, na neno likiwa bado mdomoni, mguu ulikuwa umeshakanyaga sakafu ya jikoni.

Ijumaa moja Bibi Apolonia alikuwa akitoka na sufuria ya maziwa yaliyotoka kuchemka. Wakakutana mlangoni uso kwa uso. Bibi alipiga ukelele, akakwepa, na nusu ya maziwa ikamwagika chini. Paka wake akaja mbio, akanusa mvuke, kisha akaketi kando akingoja yapoe.

"Mwone huyo," Bibi alisema, akipangusa kitenge chake. "Paka mzima anajua kusubiri. Wewe je?"

"Lakini bibi, nilipiga hodi!"

"Ulipiga, ndiyo. Nani alikukaribisha? Hodi ni swali, mjukuu wangu. Si ufunguo."

Tumpe aliomba radhi, akafuta sakafu, akaondoka na birika lililojaa nusu. Kufika kwenye ua alikuwa ameshasahau. Akili yake yote ilikuwa angani.

Shuleni kwao palikuwa na klabu ya kurusha ndege nyuki, ile ndege ndogo isiyobeba mtu, yenye mapangaboi manne yanayovuma kama mzinga. Wanafunzi wenyewe waliiita droni. Mwalimu Jailos, mwalimu wa sayansi, ndiye aliyekuwa na kibali cha kuirusha, na wanafunzi walijifunza chini ya macho yake. Mwezi huo walikuwa wakipiga picha mashamba ya mahindi nje ya mji, ili wakulima waone viwavijeshi wameanzia wapi. Picha hizo zingewapeleka Iringa kwenye mashindano ya klabu za shule, na rubani wa timu angekuwa Tumpe. Alikuwa amelipigania jambo hilo tangu darasa la tano, wakati wavulana walipomwambia kwamba msichana atarusha chapati tu.

Kulikuwa na sharti moja. Mashamba yale yalikuwa karibu na uwanja wa ndege, na anga ya pale huongozwa kutoka mnarani. Kila mara kabla ya kurusha, ilibidi kumpigia simu mwongoza ndege, kumweleza wewe ni nani, uko wapi na unataka kupaa hadi kimo gani. Kisha unangoja ruhusa.

Jumamosi iliyofuata, Mwalimu Jailos alimkabidhi Tumpe simu yake.

"Leo utaomba wewe," alisema. "Mimi nakwenda kuwazuia watoto wa kijiji wasisogelee. Naona wamekuja kijiji kizima, na mbuzi wao."

Tumpe akapiga. Sauti ya mama mtulivu ikapokea. Alikuwa Veneranda, mwongoza ndege wa zamu.

"Mnara, hapa ni Nyuki wa Ilomba. Tuko kwenye mashamba ya mahindi, mashariki ya uwanja. Tunaomba ruhusa ya kupaa juu kidogo ya miti."

"Nyuki wa Ilomba, subiri. Nitakupigia."

Simu ikakatika. Brayson, mtunza betri wa timu na mtani wa wote, akasogea.

"Wamesemaje, rubani?"

"Tusubiri."

"Mpaka lini? Tazama wingu lile linavyoshuka. Mvua ikinyesha, picha hatuna, na Iringa tutaisikia redioni. Halafu jana si walituruhusu hapahapa?"

Tumpe alitazama juu. Anga ilikuwa tupu. Hakukuwa na mlio, hakukuwa na chochote, ila kunguru mmoja akihangaika na upepo. Kutoka upande wa pili wa shamba, Mwalimu Jailos akapaza sauti, "Vipi, wamejibu?"

"Wamejibu, mwalimu!" Tumpe aliinua dole gumba.

Lilikuwa jibu la kweli, na lilikuwa uongo.

Ndege nyuki ikapaa. Kwenye kioo cha kifaa chake, mahindi yalitandazwa kama mkeka. Tumpe akaanza kuhesabu mistari, akitabasamu. Ghafla kivuli kikubwa chenye mabawa kikakatiza juu ya mahindi, na sekunde hiyohiyo ngurumo ikawatikisa vifua. Ndege ndogo nyeupe ilikuwa imechomoka kwenye wingu ikielekea kutua, chini kuliko walivyowahi kuona. Mbuzi walitimka. Tumpe alivuta vijiti vya kifaa chake, ndege nyuki ikaporomoka hadi nyuma ya mikaratusi, ikagusa udongo. Ndege ile nyeupe ikapita juu ya miti na kupotelea upande wa uwanja.

Kisha simu ikaita.

"Nyuki wa Ilomba, asante kwa kusubiri," alisema Veneranda. "Kulikuwa na ndege iliyobeba mgonjwa, imeshatua. Sasa mna ruhusa. Mnaweza kupaa."

Asante kwa kusubiri! Maneno yale yalimchoma kuliko kofi. Alimpa Brayson kifaa cha kuongozea. "Rusha wewe," alisema. "Mikono yangu imekufa ganzi."

Picha zilipatikana. Mwalimu Jailos alidhani walikuwa wameruka kwa ruhusa na kushuka kwa uangalifu walipoisikia ndege. Akawasifu. Njiani kurudi, Brayson alimnong'oneza Tumpe, "Nyamaza tu. Nani ameona?"

"Mimi nimeona," Tumpe alijibu.

Jumapili, baada ya ibada, alikwenda nyumbani kwa Mwalimu Jailos. "Hodi," aliita, akasimama nje, mikono nyuma. Aliposikia hatua alidhani ni za mwalimu. Zilikuwa za Brayson, akija nyuma yake amevaa shati la kanisani.

"Nilijua utakuja," Brayson alisema bila kucheka. "Maneno ya kukuharakisha yalikuwa yangu. Siwezi kukuachia uyabebe wewe."

"Karibuni," mwalimu akaitikia kutoka ndani.

Tumpe alisimulia yote akiwa amesimama. Hakumtaja Brayson, Brayson akajitaja mwenyewe. Walipomaliza, Mwalimu Jailos alikizungusha kikombe cha chai mezani.

"Unajua kwamba nikiusimulia mnara haya, tunaweza kuzuiwa kuruka? Na Iringa hatutakwenda?"

"Najua, mwalimu."

"Bado unataka niusimulie?"

Tumpe aliwaza miaka ya kubishana na wavulana. Halafu akakiwaza kile kivuli, na mgonjwa aliyelala ndani yake asijue lolote.

"Ndiyo. Ila nisimulie mimi. Niliyeomba ni mimi."

Alipiga simu mbele ya mwalimu, na hakupunguza hata nukta. Kisha Mwalimu Jailos akaomba simu. "Na mimi nina kosa langu, mama," alisema. "Niliona dole gumba, sikuuliza jibu lilikuwa lipi."

"Hamtaruka mpaka tuonane," Veneranda alisema. "Nitakuja shuleni kwenu. Na huyo binti awepo mstari wa mbele."

Alikuja katikati ya juma, mama mfupi mwenye miwani na kicheko cha ghafla. Hakugomba. Alichora uwanja wa ndege kwa chokaa kwenye kiwanja cha mpira wa pete, akawageuza wanafunzi kuwa ndege, na mnara akawa yeye, juu ya dawati.

"Brayson, geuka kulia, simama kwenye mstari mweupe."

"Nimekupata!" Brayson alipiga saluti, akageuka kushoto, akauvuka mstari na kumgonga mwenzake aliyekuwa "akitua". Kiwanja kizima kikacheka.

"Umenipata wapi?" Veneranda aliuliza. "Nimekupata ni maneno matamu, hayaniambii umepata nini. Nirudishie agizo langu lilivyo: kulia, mstari mweupe, nasimama. Hapo kama umekosea nitakusahihisha kabla hujagongana na mtu."

Msichana mmoja mdogo, Severina, alipotea katikati ya mistari. Alizunguka kimya, machozi yakimlenga.

"Mbona husemi umepotea?"

"Naona aibu, mama. Wewe ni mkubwa. Nimeona vibaya kukurudisha nyuma."

Veneranda alishuka kwenye dawati. "Sikilizeni. Nyumbani tumefundishwa kwamba mkubwa akisema, unaitika ee. Ni adabu nzuri. Lakini angani, adabu ni kusema: sikuelewa, rudia. Wapo marubani watu wazima, wenye mabega yaliyojaa mistari ya dhahabu, wanaona haya kuuliza, na haya hiyo huwapeleka mahali pabaya. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo." Kisha akamgeukia Tumpe. "Na wewe. Nikikuambia subiri, nimekuambia nini?"

"Kwamba umenisikia, mama. Hujaniruhusu."

"Tuseme jana ulikuwa na ruhusa. Je, leo?"

"Ya jana ilikwisha jana. Leo naomba upya."

Veneranda alipoondoka alimwambia Mwalimu Jailos kwamba watakwenda Iringa, lakini juu ya yale mashamba hawataruka mpaka atakaporidhika nao. Kuanzia jioni ile, Tumpe alifanya mazoezi kama mtu anayedai haki yake. Mama yake akimtuma, alirudia agizo zima kabla ya kuondoka: "Chumvi, kiberiti, si mafuta." Mama alidhani anadhihakiwa, mpaka alipogundua kwamba siku hizi binti harudi tena dukani kufuata alichosahau.

Iringa waliikuta na baridi yake ya mlimani na malori yake yakipanda kwa kukoroma. Mama mmoja muuza mahindi aliwasalimu kwa Kihehe, "Kamwene!" Brayson akaitika kwa sauti kubwa, "Marahaba!" Wasichana wa hapo walicheka hadi wakashikana mabega. "Kamwene hujibiwa kamwene, wewe!"

Kwenye uwanja wa mashindano, mwamuzi alikuwa Mzee Kalinga, rubani mstaafu. Alikaa chini ya turubai na redio ya mkononi. Yeye ndiye aliyekuwa mnara. Kila timu ilitakiwa kuzunguka uwanja, kuomba ruhusa ya kuingia eneo lililozungushiwa bendera, kupiga picha ya shuka jeupe na kutoka. Saa ilihesabu.

Timu iliyotangulia ilipaa kama mshale. Rubani wao aliomba, akasikia "Subiri," akaingia moja kwa moja. Watu walipiga makofi. Mzee Kalinga aliandika kitu.

Zamu ya Tumpe ikafika. "Mnara, hapa ni Nyuki wa Ilomba, kusini ya bendera. Naomba kuingia."

"Nyuki wa Ilomba, subiri."

"Nasubiri nje ya bendera, Nyuki wa Ilomba."

Ndege nyuki ikaning'inia hewani. Saa ikakimbia. Wenyeji walianza kuzomea: "Ilomba mmelala! Shukeni mkanywe uji!" Brayson alikuwa akiuma shati lake. "Eneo liko tupu, Tumpe," alisema, kisha akajipiga mdomo mwenyewe. "Hapana. Sijasema kitu."

Taa ya betri ikaanza kuwaka nyekundu. Moyo wa Tumpe ulimwambia ingia, shuka jeupe lile pale, ni kufumba na kufumbua. Akabonyeza redio.

"Mnara, Nyuki wa Ilomba. Betri inapungua. Siingii. Narudi kutua, nitaomba upya."

Alitua. Brayson alibadilisha betri. Wakapaa tena, wakaomba tena, na safari hii jibu likaja: "Nyuki wa Ilomba, ingia, usizidi urefu wa bendera."

"Naingia, sizidi urefu wa bendera, Nyuki wa Ilomba."

Matokeo yaliposomwa, timu iliyotangulia iliondolewa. Ya kwanza ilikuwa shule ya Madibira, iliyosubiri kama Tumpe ila ikaruka kwa ustadi zaidi. Ilomba ilishika nafasi ya pili. Mzee Kalinga alimwita Tumpe mbele.

"Binti, umezomewa na hukuingia. Nani alikufundisha uvumilivu huo?"

"Kosa langu, babu. Niliwahi kuingia bila ruhusa. Anga ilikuwa tupu, kumbe ndege ya mgonjwa ilikuwa ndani ya wingu."

Mzee Kalinga alivua kofia.

"Mmesikia, watoto? Nimeruka maisha yangu yote. Wengi niliowaona wakikosea hawakuwa wajeuri. Waliona anga tupu, au walikuwa na haraka, au waliona haya kuuliza. Anga huonekana tupu kwa anayetazama kutoka mahali pamoja. Ndiyo maana tunaomba, tunasubiri, tunarudia tulichoambiwa. Na tukikosea, tunasema wenyewe, ili kosa la mmoja liwe somo la wengi kabla halijawa msiba wao."

Walipofika Mbeya, ujumbe wa Veneranda ulikuwa ukiwangoja kwa Mwalimu Jailos: Nyuki wa Ilomba waje Jumamosi, waombe upya.

Kesho yake asubuhi Tumpe alichukua birika, akavuka ua wa michongoma, akasimama nje ya mlango wa Bibi Apolonia.

"Hodi."

"Subiri!" bibi aliita kutoka ndani. Sufuria iligonga jiko, maziwa yakatoa sauti yakimiminwa. Tumpe alisubiri. Paka akatoka, akaketi miguuni pake, nao wakangoja wote wawili kama walinzi wa zamu.

"Haya, karibu, mjukuu wangu," Bibi Apolonia akasema. Siku hiyo birika lilijaa hadi shingoni.