Bawa la Kulia

Fundi mitambo aliporudi nyumbani Ijumaa ile, saa nne na ushei asubuhi, betri mpya iko kwapani, alisukuma mlango wa sebule kwa bega, akaganda pale pale. Juu ya meza kubwa, mahali alipokuwa amelilaza bawa la kulia la ndege yake tangu jana jioni, palikuwa na rundo la vijiti na vipande vya plastiki iliyochanika. Na juu ya rundo, imetulia kama kuku anayeatamia, pasi ya umeme ya mkewe.

Hakupiga kelele. Aliiweka betri chini taratibu, akatoka barazani, akampigia simu dada yake.

"Dada, njoo. Mke wangu ameniua."

"Kama amekuua, huyu anayeongea ni nani?"

"Njoo, nakwambia. Na uje kama polisi, usije kama wifi yake."

Dada mtu alikuwa mpelelezi wa polisi maisha yake yote ya kazi, na hata baada ya kustaafu mtaa mzima uliendelea kumwita Afande. Alifika saa sita, miguuni amevaa raba kwa ajili ya kisigino kinachomsumbua. Bawa hakuliona kwanza. Aliona sanduku la nguo lililofungwa kamba, limewekwa kando ya mlango, na wifi yake ameketi juu yake kama abiria aliyeachwa na gari.

"Wifi, umekuja kunifunga?"

"Nimekuja kunywa chai. Pingu nimezisahau nyumbani."

Wifi hakucheka. Midomo ilikuwa imemkauka. "Ndugu yako amesema jua likizama sijakiri, niende kwa binti yangu na nisirudi. Tumezeeka pamoja, wifi, leo ananitazama kama mwizi aliyeshikwa sokoni. Na mimi kidude chake sijakigusa!"

"Basi usitoke mpaka nimalize."

"Nitakaa. Lakini chai jipikie mwenyewe, mimi si mwenyeji tena humu."

Afande alimkuta kaka yake mdogo sebuleni, amekaa mbele ya meza kama mtu aliye kwenye msiba. Alivuta kiti, akakaa, akamwacha apumue. Kisha akasema, "Nieleze hiki kitu tangu mwanzo, na unieleze kama nisiyejua lolote, maana kweli sijui."

Ilikuwa mfano wa ndege isiyo na rubani, ile inayorushwa kupima mashamba na misitu. Yeye na mwenzake walikuwa wameipunguza ukubwa, lakini hata hivyo mabawa yake yakinyooshwa yalifika mita tano na nusu kutoka ncha hadi ncha. Hapakuwa na chumba cha kuyapokea yote mawili. Mwili wa ndege ulikaa stoo, mkia umetokea dirishani. Bawa la kushoto, alilolitengeneza fundi mitambo mwenyewe, lilining'inia ukutani kwenye korido, na kila aliyekwenda msalani alipita ameinama. Bawa la kulia lilitengenezwa na rafiki yake wa tangu ujana, seremala mstaafu aitwaye Rula. Jina hilo alilipata kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona amekosea kipimo. Alilitengenezea kwenye karakana yake, akalileta jana jioni limefungwa shuka.

"Kwa hiyo mabawa haya hayajawahi kuunganishwa?"

"Yaunganishwe wapi, dada? Barabarani? Tulikubaliana tutayaunga kesho uwanjani, mbele ya wanachama wote wa chama chetu cha ndege za mfano. Hata shuka sikulifungua, lisiingie vumbi."

Afande alikwenda kulitazama la kushoto. Lilikuwa kazi safi. Mbavu za mbao nyepesi, zimevishwa plastiki laini iliyobanwa kwa pasi ya moto.

"Mbona rangi mbili?"

"Juu ni mgongo, umebinuka, tumeuvisha rangi ya chungwa. Chini ni tumbo, bapa, jeupe. Ukingo mnene unatangulia mbele, mwembamba unabaki nyuma. Ndege ikiwa juu, rangi ndiyo inakwambia imekaa vipi." Sauti ilimpanda kidogo, kama mtu anayemsifu mtoto wake. "Mchoro una bawa moja tu, la kushoto. Ukitaka la kulia unaigeuza karatasi, unaipaka mafuta ya kupikia mistari itokeze nyuma, unajenga juu ya huo upande wa pili."

"Na mkeo ulimshuku kwa lipi?"

"Pasi hiyo hapo! Juma lililopita niliitumia kuvishia plastiki, gundi ikaganda, akaja kupigia pasi gauni lake la harusi ya mpwa wake likaungua. Alisimama barazani akapaza sauti, 'Siku moja nitaivunja hiyo ndege yako vipande, upikie uji!' Muulize jirani yeyote."

Afande alimuuliza wifi.

"Nilisema," wifi alijibu palepale. "Na nilisema mengine mabaya zaidi, hujaambiwa tu. Leo asubuhi nilimwacha anatoka kwenda kwa fundi umeme, na mimi nikaenda sokoni. Ufunguo nimeuweka kwenye chungu cha maua, kama siku zote. Nimerudi, namkuta amekaa hapo, hanijibu hata salamu."

"Nani anajua habari ya chungu?"

"Wifi, chungu hicho kinajulikana kuliko ofisi ya posta."

Karibu na mguu wa meza Afande aliokota unyoya wa kijivu. Akatazama dirisha, halafu ng'ambo ya ua, ambako jirani alikuwa juu ya banda lake la njiwa, anaziba paa. Mtaa ulimwita Baba Njiwa. Siku nyingi alikuwa akilalamika kwamba ndege ile ikiruka njiwa wake watakufa kwa mshtuko.

"Baba Njiwa, hebu shuka tuongee."

"Sishuki! Najua unachotaka. Njiwa wangu wanaingia kwa shemeji kula mabaki ya mkate, dirisha liko wazi kila siku. Unyoya mmoja ndiyo umekuwa kesi?"

"Nani kakwambia nimeona unyoya?"

"Umeushika mkononi, Afande."

Afande akautazama mkono wake, akacheka mwenyewe. "Haya. Tangu saa ngapi uko huko juu?"

"Tangu shemeji hajatoka. Na kama ningetaka kuivunja ndege ile ningeanza na mwili wenye mashine, bawa la nini?"

"Umeona mtu akiingia?"

"Mgeni hajaingia."

Neno hilo lilimpita Afande, akaondoka nalo bila kulijua. Alitembea hadi karakana ya Rula. Rula alikuwa anapiga randa ubao, ijapokuwa ubao wenyewe ulikwishalainika zamani. Alikuwa amekwisha pata habari. Macho yalikuwa mekundu.

"Kazi ya miezi, Afande. Mikono yangu hii."

"Pole sana. Leo asubuhi ulikuwa wapi?"

"Hapa hapa. Sijatia mguu nje."

"Unamshuku nani?"

Rula alipuliza vumbi la mbao. "Mimi sitamtaja mtu. Hasira ni hasira, na shemeji ana yake."

Aliporudi, saa nane, Afande aliomba shuka, akalitandika sakafuni. Akapiga magoti, kisigino kikimlaumu, akaanza kuvipanga vipande vya bawa kimoja kimoja. Wifi alimtazama kutoka mlangoni, hatimaye akashindwa kuvumilia, akaja kuchuchumaa naye.

"Hicho kinakwenda hapa. Ona plastiki ilivyochanika, inalingana na hii."

"Kumbe unajua!"

"Nimeshona maisha yangu yote, wifi. Mchaniko nausoma."

Kadiri bawa lilivyojikusanya, Afande alizidi kulisogelea. Bawa lilikuwa pana upande wa kukutana na mwili, likipungua kuelekea nchani. Ncha ilikuwa nzima kabisa, haina hata mkwaruzo. Katikati limevunjwa mara moja tu, kama mtu avunjavyo kuni kwa goti. Lakini upande mpana ulikuwa umepondwapondwa kwa pasi hadi mbavu zimekuwa unga.

"Wewe ungelipiga wapi, wifi, kama ungekuwa na hasira?"

"Katikati! Halafu ningelikanyaga nikicheza."

"Ndiyo. Huyu hakuwa na hasira. Huyu alikuwa na kazi."

Aliinuka, akaenda koridoni kulitazama tena bawa la kushoto. Akarudi. Akaligeuza shuka ili upande mpana utazame mahali ambapo mwili wa ndege ungekaa, ukingo mnene ukiwa mbele, vile bawa la kulia linavyopaswa kukaa. Alikodoa macho. Kilichomtazama kutoka sakafuni kilikuwa cheupe. Akageuza vipande vyote, chungwa likatokea, lakini sasa ukingo mnene umekwenda nyuma. Alijaribu tena na tena, kama mtu anayelazimisha kiatu kwenye mguu usio wake.

Ndipo neno la Baba Njiwa lilipomrudia. Alikwenda dirishani.

"Baba Njiwa! Umesema mgeni hakuingia. Na asiye mgeni?"

"Asiye mgeni ni Rula tu. Kaingia na ufunguo, katoka mikono mitupu. Lakini Rula si wa nyumba hiyo hiyo?"

Saa kumi wote walikuwa sebuleni. Fundi mitambo alikaa mbali na mkewe. Wifi alikuwa amekwisha rudi juu ya sanduku lake. Rula alisimama karibu na mlango, kofia mkononi.

"Nimewaita kwa jambo dogo," Afande alisema. "Rula, sisi wengine si mafundi. Chukua vipande hivi, tuonyeshe bawa lako lingekaaje kesho. Tuseme mwili wa ndege uko hapa. Ukingo mnene mbele."

"Limevunjika, Afande. La nini tena?"

"Onyesha tu."

Rula alipiga magoti. Alishika ncha, akaipeleka huku, akaipeleka kule. Fundi mitambo alikuwa anatazama kwa uchovu, kisha akainama mbele, kisha akasimama kabisa.

"Tumbo liko juu," alisema taratibu. "Rula. Hili ni la kushoto. Tuna mabawa mawili ya kushoto!"

Rula aliketi sakafuni kabisa.

"Sikuigeuza karatasi," alisema. "Mafuta nilinunua, yapo rafuni. Nikasema nitageuza baada ya kukata mbavu. Nikasahau, nikajenga juu ya upande ule ule. Jana usiku nafagia karakana, mchoro bado umebanwa juu ya benchi, unanitazama. Sikulala. Asubuhi nikaja kuhakikisha, nikafungua shuka, nikaona ndiyo hivyo. Nilitaka kulichukua niondoke nalo. Lakini dude refu vile, na Baba Njiwa yuko juu ya paa, ningepita nalo wapi?"

"Ndiyo ukalivunja," Afande alisema. "Ukaponda zaidi upande mpana, maana ndio ambao rafiki yako angeusoma kwanza. Na pasi ilikuwa karibu."

"Ilikuwa karibu. Sikufikiria ni ya nani."

"Ungeniambia tu!" fundi mitambo alipaza sauti. "Tungecheka, tukajenga jingine!"

"Ungecheka wewe. Chama kizima kingecheka. Mimi ni Rula! Kesho wangeniita nani?"

"Na mimi?" Ilikuwa sauti ya wifi, ndogo, lakini kila mtu aligeuka. "Umeingia hapa sasa hivi, ukampa pole mume wangu. Umeniona nimekaa juu ya sanduku. Umenisalimia, shemeji. Mimi ulitaka niitwe nani?"

Kofia ilikuwa imekunjwa mikononi mwa Rula hadi haijulikani kama ni kofia.

Fundi mitambo alimgeukia mkewe kwa uso uliojaa nafuu. "Haya, mama watoto, mambo yamekwisha. Rudisha hilo sanduku ndani, tunywe chai."

"Yako ndiyo yamekwisha." Wifi aliinuka, akavaa viatu. "Huyu alificha aibu yake. Wewe ulikuwa unaficha nini? Hukuniuliza hata mara moja. Ulipoona pasi, ukajua ni mimi. Naenda kwa binti yangu. Saa hii sifukuzwi, naenda kwa kutaka."

"Utarudi lini?"

Wifi alifungua mlango, akatoka mikono mitupu, akaelekea kituo cha basi bila kugeuka.

Fundi mitambo alibaki akimtazama dada yake, kama enzi za utoto alipovunja kitu na mama yuko njiani. "Dada, ongea naye. Atakusikiliza."

"Mimi nilikuja kuuliza maswali, na nimemaliza. Beba sanduku umfuate."

"Nikamwambie nini?"

"Hilo hata mimi sijui. Anza njiani."

Akalinyanyua sanduku, zito kuliko alivyotarajia, akatoka nalo likimgonga gotini. Afande alisimama kwenye dirisha la barabarani, kituo akikiona. Nyuma yake Rula alikuwa bado sakafuni, anaokota vijiti kimoja kimoja na kuviweka kwenye shuka, na hakuna aliyemwambia aache.

Kule kituoni wifi alikuwa amesimama, amempa mumewe mgongo. Fundi mitambo alitua sanduku. Aliongea. Akavua miwani, akaifuta, akaongea tena. Basi lilitokea kwenye kona. Wifi aliinua mkono kulisimamisha, likapunguza mwendo, kondakta akachungulia.

Lakini mumewe alikuwa hajamaliza kusema. Wifi alimtazama, akaushusha mkono. Basi likapita.