Mwanga Usiopepesa

Kila jioni, baada ya kumaliza kazi ya ziada ya shuleni, Lorraine alipanda juu ya paa la jumba lao mtaani Mowlem kuanua nguo. Jioni ile jua lilikuwa limeshatua upande wa mjini. Juu kidogo ya pale lilipozama paliwaka mwanga mkubwa, mweupe, usiopepesa hata kidogo. Lorraine aliukodolea macho. Kadiri alivyoutazama, ndivyo alivyouona ukishuka. Akazikumbatia nguo, nyingine zikiburutika chini, akateremka ngazi mbio.

Watoto wa majirani walikuwa wakicheza ngazini. "Kuna jiwe la moto juu," aliwaambia huku akihema. "Linatuangukia."

Watoto walitawanyika. Muda si muda, sauti ya Mama Ndindi ilisikika kutoka ghorofa ya pili. "Jamani, nani amemwona Ndindi?"

Ndindi alikuwa mtoto wa gredi ya kwanza, mmoja wa wale waliokuwa wakicheza ngazini. Majirani walitoka na tochi za simu. Lango lilikuwa wazi, na nje pikipiki zilipita kasi. Lorraine alijua ni maneno yake yaliyomkimbiza mtoto.

Akamshika mkono shangazi yake, Perez, aliyeishi nao. "Shangazi, mimi ndiye niliyemtisha." Akamweleza yote.

Perez hakumgombeza. "Mtu akiogopa kilicho juu, atakimbilia wapi?"

"Chini," Lorraine alinong'ona.

Walimkuta Ndindi chini ya ngazi, nyuma ya mapipa ya maji, amejikunyata. Mama yake alimbembeleza atoke, akakataa. "Lorraine aseme kama limeanguka," alilia.

Perez akamgeukia Lorraine. "Una hakika ni jiwe?"

"Sina. Nilikimbia."

"Basi twende tukautazame huo mwanga."

Wakapanda ngazi hadi paani. Kule juu, shangazi alimwegemeza kwenye nguzo, akamwambia asisogeze kichwa. Mwanga ulikuwa juu tu ya kamba ya nguo. Walisubiri. Polepole ukaigusa kamba, ukapita chini yake.

Lorraine alimng'ang'ania shangazi. "Unaanguka."

"Unatua, kama jua lilivyotua. Ni dunia yetu inayozunguka. Hiyo ni sayari ya Zuhura. Sasa itazame nyota ile. Inametameta, sivyo? Zuhura imetulia. Sayari utazitambua hivyo, kwa macho yako tu."

Lorraine alitazama tena. Safari hii hakugeuza uso. Kisha alishuka, akachuchumaa kando ya mapipa.

"Ndindi, nilikosea. Si jiwe. Ni sayari, na iko mbali sana. Nimeitazama mwenyewe."

Ndindi alichungulia, akampa mkono.

Majirani walipotawanyika, Perez alimketisha Lorraine ngazini. "Kuogopa si kosa, mwanangu. Kosa ni kueneza jambo usilolijua. Chunguza kwanza, au umuulize anayejua, ndipo useme. Mtoto angekimbilia barabarani leo, tungemwambia nini mama yake?"

Lorraine aliinamisha kichwa. Kisha akainuka, akaenda kulifunga lango lililokuwa bado wazi.