Mchezaji wa Pili

Hodi ilitoka chumbani. Ndivyo jambo hili lilivyoanza, saa tisa mchana jua likiwaka, wala si usiku wa manane kama mnavyopenda kusimuliwa. Mshonaji alikuwa sebuleni, mguu kwenye cherehani, na mdomo una mazoea yake: akajibu, "Karibu." Ndipo akakumbuka kwamba bintiye yuko shule na nyumba haina mtu. Akaenda kuchungulia. Chumba kitupu, kompyuta inawaka, na harufu ya rangi mbichi imejaa tele.

Kazi ya marehemu mumewe ilikuwa kupaka rangi nyumba.

Tangu azikwe, binti yao, ambaye kwa domo lake walimwita Chiriku, hakuwa amesema neno. Miezi minne, kimya. Kitu pekee alichokitaka, akakiandika kwenye karatasi, ni ule mchezo wa kupanda minara aliokuwa akiucheza kwa kushindana na babake. Kompyuta ya zamani ilishakufa. Hii waliyopewa haikuwa ya Windows, na mchezo ulikuwa wa Windows. Basi mshonaji akamwita mdogo wake, fundi kompyuta.

"Mchezo huu haukubali ugenini, dada," fundi akamweleza. "Tunaudanganya ujione uko kwao."

Programu ya kudanganyia ina matoleo mengi, na kuchagua ni kubahatisha. Toleo jipya likaleta skrini nyeusi. La nyuma yake, sauti bila picha. La kale kabisa, mchezo ukafunguka. Ikabaki tiki moja: mpangilio ule uwe wa mchezo huu tu, au wa chochote kitakachoingia kutoka nje? Fundi, ambaye kwake kuitwa mara mbili ni ugomvi, akaweka tiki kwenye chochote. Haraka haraka haina baraka, tunasema kila siku, na nani anasikia?

Hodi ikaja kesho yake. Na jioni hiyohiyo Chiriku akaongea.

Mama alilia ndani ya kitambaa cha watu alichokuwa akikishona. Kisha akachungulia, akaona pedi ya pili ya kuongozea mchezo iko chini kwenye mkeka, haijashikwa na mtu, na kijiti chake kinakwenda huku na huku. "Nacheza na baba," mtoto akasema. Mama ni mtu mzima, alijua wafu hawarudi kucheza. Lakini mtoto alikuwa anacheka! Angezimaje? Akaurudisha mlango, akarudi kwenye cherehani.

Siku ya tano maneno yakaanza kupungua. Chiriku akitaka maji ananyoosha kidole. Akiulizwa jina lake anatikisa kichwa. Mama akamkalisha mapajani, akamuuliza polepole kuna nini.

"Baba alikuwa ananiachia nishinde," mtoto akanong'ona. "Huyu haniachii. Akishinda, anachukua neno."

Mama akauliza swali ambalo hakutaka jibu lake: "Na mimi ni nani?" Na mtoto akamtazama usoni, akabana midomo kama anayeanza kulitamka, akaifungua, akaibana tena, machozi yanamtiririka, na kule chumbani kijiti cha pedi kikawa kinagonga, kinagonga, kama mtu anayesubiri zamu yake na amechoka kusubiri.

Fundi alikuja mbio. Alipouona mpangilio alijifuta uso.

"Nimeiambia ipokee chochote, dada. Chochote kijione kiko kwao."

"Na mimi nikakikaribisha," mama akasema.

Fundi akaondoa tiki, akafuta mchezo, akachomoa waya ukutani. Harufu ya rangi ikakatika palepale. Wakatoka wote watatu, wakafunga mlango wa chumba, na mama akamkumbatia mwanawe sebuleni, akamwambia limekwisha, ajaribu sasa, aseme lolote. Chiriku akafungua kinywa, akajaribu kwa nguvu zake zote mpaka mishipa ya shingo ikamsimama, na hakikutoka kitu, hata pumzi haikusikika, na wakati mama bado anamtazama midomo ile inayohangaika bure, sauti ya Chiriku, nyembamba, yenye furaha, ikaita kutoka ndani ya chumba kilichofungwa.

"Mama?"

Kitasa kikazunguka. Mlango ukafunguka bila hodi, kama anavyofungua mtu wa nyumbani.