Kizibo cha Chupa ya Sukari

Kila Jumamosi mama yake Dainess alikwenda soko la Shahe kuwanunulia wateja nguo za jumla, na Dainess, binti wa miaka kumi na miwili, alifuatana na baba yake chuoni. Alifanya kazi za shule katika chumba kidogo kando ya maabara. Amri ilikuwa moja tu: asiguse kitu.

Baba, Elisante, alikuja Guangzhou, China, kusomea shahada ya uzamivu. Aliunganisha chembe za sukari ndani ya maji ya moto, moja baada ya nyingine, hadi ziwe minyororo mirefu. Sukari hiyo haiuzwi dukani. Aliitengeneza mwenyewe kwa miezi mingi. Oksijeni ikiingia, kuungana hukoma. Kwa hiyo alipitisha kwanza gesi ya nitrojeni kwenye maji ili kuifukuza oksijeni, kisha akaziba chupa kwa mpira.

Basi, Dainess alikuwa amejigamba kwa Séphora, rafiki yake wa shule, kuhusu kazi hiyo ya baba, na Séphora akamcheka kwamba baba yake anapika pipi tu. Maneno hayo yalimkera. Baba alipotoka kununua chakula, Dainess aliingia maabara, akang'oa kizibo cha chupa, akanusa kama inanukia pipi. Hakusikia harufu yoyote. Akaziba upesi, akarudi kwenye hesabu zake.

Alasiri baba alipima, akapima tena. Minyororo ilikuwa imeacha kukua. Akamwambia mwenzake, Wilbard, kwamba bila shaka sukari ilikuwa chafu. Angeimwaga yote, hata iliyobaki kabatini, aanze upya. Dainess alisikia, akaweka kalamu chini. Akinyamaza, nani atajua?

"Baba, usimwage," alisema. "Sukari haina kosa. Nilifungua chupa nikanusa."

Baba alikasirika, wala hakuficha. Kwanza alimuuliza kama ana kizunguzungu, kisha akamgombeza kwamba kunusa vitu vya maabara kunaweza kuua. Baadaye alipitisha nitrojeni tena, akaongeza kidogo dawa inayoanzisha kuungana, akarudisha chupa kwenye joto. Jioni minyororo ilikuwa inakua.

"Kumbe haikufa?" Dainess aliuliza. Alikuwa analia, kwa aibu na kwa nafuu.

"Ncha zake zilikuwa hai, zimesimama tu," baba alijibu. "Humu huingii tena mpaka nikuambie. Lakini umesema kabla sijamwaga. Ungenyamaza, ningetupa sukari nzuri nikitafuta kosa mahali lisipokuwepo. Kosa likisemwa mapema, mwanangu, hutengenezeka. Likifichwa, humwangukia asiyehusika."