Sauti ya Mwalimu Wamaitha

Mwangwi haujui kukaribisha mtu. Unarudisha ulichoupa, basi. Ndiyo maana Mukesh aliirudisha kaseti nyuma mara tatu kabla hajamwita Mwalimu Wamaitha aje asikie kwa masikio yake.

Ilikuwa Alhamisi mchana, mwaka wa sabini na nne, katika duka la Mukesh la kutengeneza redio mjini Nakuru. Wamaitha alikuwa amefundisha historia miaka ishirini na sita. Alistaafu Disemba iliyotangulia, na kukaa bure nyumbani kulikuwa kunamla taratibu. Ndipo lilipomjia wazo: wageni wanaopanda mtaa wa Milimani kutazama nyumba za walowezi wapewe kinasa sauti cha kuning'iniza begani, wavae visikilizio, na sauti yake iwaongoze kituo kwa kituo. Hapa palikuwa zizi la farasi. Hapa walicheza dansi. Hapa ni kanisa la mawe. Vituo saba kwa jumla. Mukesh alilipenda wazo hilo kama lake mwenyewe, akabeba mitambo begani siku nzima bila kunung'unika.

Kituo cha sita kilikuwa tangi la maji, lililochimbwa chini ya ardhi nyuma ya nyumba ya mlowezi ambaye vibarua walimwita Bwana Kiboko. Nyumba ilikuwa tupu tangu kabla ya uhuru. Siku ya kurekodi, waliusogeza kando mfuniko wake wa chuma, Wamaitha akainama juu ya mdomo wa tangi akaita, ili wageni wasikie jinsi mawe yanavyoirudisha sauti.

Sasa kaseti ikazunguka. Wamaitha akajisikia akisema, "Hodi!"

Kimya. Kisha kutoka chini kabisa, taratibu, kama mtu anayeamka usingizini: "Karibu."

Mukesh akazima. "Mwalimu, siku ile tulikuwa wawili tu."

"Wawili tu."

"Basi huyu ni nani?"

"Wacha mchezo, Mukesh. Umetumia kaseti kuukuu."

"Ni mpya. Nailoni yake niliipasua mimi mwenyewe." Akanusa hewa, akatazama chini ya meza. "Na hii harufu?"

Ilikuwa harufu ya kiberiti, kama ile inayotoka kwenye nyufa za volkano ya Menengai mvua ikinyesha, na ndani yake mlikuwa na harufu ya chuma kilicholowa damu. Wamaitha aliisikia, akajikaza. "Lifute hilo neno. Jumamosi tunajaribu."

Mukesh akalifuta.

Wa kujaribu alikuwa Hezekiah, mumewe Wamaitha, dereva wa garimoshi aliyestaafu, jitu la mtu lenye mikono kama sepetu. Katika miaka thelathini na moja ya ndoa hakuwahi kuinua mkono hata kwa mbwa. Jumamosi saa nne asubuhi, jua likiwaka na maua ya jakaranda yametapakaa njia nzima, alivaa visikilizio, akabonyeza kitufe, akaanza kutembea. Mkewe na Mukesh walimfuata hatua chache nyuma, wakiangalia anaposimama.

Mambo yalienda vizuri. Kituo cha tatu, kwenye kisa cha farasi aliyemtupa bwana wake matopeni, Hezekiah alicheka peke yake hadi mtunza bustani mmoja akamshangaa. Lakini baada ya kituo cha tano kicheko kilikatika. Mwendo wake ulibadilika, akawa kama mtoto anayeshikwa mkono, na walipofika kwenye tangi hakusimama mahali alipotakiwa kusimama. Alizunguka ukingo wote. Akainama. Alipoinuka alikuwa na jiwe.

"Baba, vipi?" Wamaitha akauliza.

Hezekiah akageuka na kumpiga Mukesh kichwani kwa jiwe lile, pigo moja la upande wa kushoto lililosikika kama tikiti linapoangukia sakafu, na Mukesh alipopiga magoti akiwa bado ameshangaa, damu ikimwingia kwenye kola, Hezekiah akampiga tena sikioni, uso wake mtulivu kama wa mtu anayepigilia msumari ukutani, huku Wamaitha akipiga mayowe na kumrukia mgongoni na kumvuta shati hadi likachanika, na mwishowe akavishika visikilizio na kuving'oa kichwani mwa mumewe, navyo vikabaki mkononi mwake vikisema.

Ilikuwa sauti yake. Ile ile ya darasani, ya upole, isiyo na haraka. *Vizuri. Bado anapumua. Sasa mpige upande wa pili.*

Alikipigiza kinasa sauti kwenye mawe, akakikanyaga, utepe ukamwagika kama utumbo. Na sauti haikukoma. *Inua mkono, Hezekiah. Upande wa pili.* Wamaitha akatazama huku na huku kutafuta inakotoka, na ndipo alipohisi kwamba midomo yake mwenyewe ilikuwa inacheza.

Akaziba kinywa kwa viganja vyote viwili. Jiwe likamponyoka Hezekiah mkononi. Mzee akatazama damu, akamtazama Mukesh chini, akasema, "Ni nani amefanya hivi?"

Hospitalini Hezekiah alisema Mukesh ameanguka kwenye ukingo wa tangi. Fuvu lilikuwa limepata ufa na sikio la kushoto halikuweza kushonwa tena.  Tangu Jumamosi hiyo Wamaitha alikuwa anajibu kwa kutikisa kichwa, na Hezekiah alidhani ni mshtuko.

Jumatatu mchana Wamaitha alijisahau. Alikuwa anakata vitunguu, githeri la mahindi na maharagwe linachemka juu ya jiko la makaa, Hezekiah amesimama karibu. Alitaka kusema, "Toa hiyo sufuria, chukua kitambaa." Kilichotoka ni hiki: *Toa hiyo sufuria kwa mikono. Ishike.*

Hezekiah akaishika. Akaiinua na kuisimamisha mbele ya kifua chake, na ngozi ya viganja vyake ikaanza kulia kama nyama kwenye kikaango, na machozi yakamtiririka, lakini vidole havikuachia, kwa sababu hakuna aliyemwambia aachie, na Wamaitha hakuthubutu kufungua kinywa kumwambia, maana hakujua ni neno gani lingine lingetoka humo. Alinyakua mwiko akaipiga sufuria ikaruka. Kwenye chuma palibaki vipande viwili vya ngozi. Jikoni pakanuka kiberiti.

Siku ile alitoa kabatini kibao cha shule na chaki, na kuanzia hapo akawa anaandika.

Indu, mke wa Mukesh, alikuja Jumatano. Hakuketi.

"Mume wangu amelala na kichwa kimefungwa kama mpira," alisema kwa sauti ya chini inayotetemeka. "Jana amefungua macho, kitu ya kwanza ameniambia, usimsikilize Mwalimu. Ulimfanya nini?"

Wamaitha akaandika: *Ni sauti yangu. Si mimi.*

Indu akasoma. Akaitazama mikono ya Hezekiah iliyofungwa bendeji. Akavuta kiti. "Baba mkwe wangu alikuwa na mtu wake mtaa wa Bondeni," akasema. "Maalim Farajala. Alimtoa shangazi yetu kitu kama hiki."

*Mimi ni wa kanisa. Majini ni mambo ya pwani.*

"Mama, hata sisi tuna hekalu letu," Indu akajibu. "Lakini ukishikwa na moto unauliza maji ni ya dini gani?"

Maalim Farajala alikuwa Mnubi mfupi, mkavu, aliyepigana Burma ujanani na bado alitembea kama askari. Alimkazia macho Wamaitha. "Mama, jini huyu alikuwa amelala kwake. Ulimbishia hodi, akakukaribisha, ukaondoka naye bila kujua. Sasa amekaa kwenye ulimi wako. Mimi nitasoma, nimchome. Lakini kumnyima huo ulimi ni kazi yako. Mimi siwezi kukufanyia."

Wakaenda kwenye tangi Alhamisi, saa sita mchana. Hezekiah alifungwa kwa kamba kwenye shina la mkaratusi, masikio yake yamezibwa kwa pamba na nta, na Indu vilevile akazibwa. Maalim akamketisha Wamaitha ukingoni, akaweka chetezo cha ubani, akaanza kusoma Aya ya Kursi.

Mara ya kwanza hapakuwa na kitu. Mara ya pili moshi wa ubani ukanuka kiberiti. Mara ya tatu kinywa chake kikafunguka chenyewe.

*Mzee,* sauti ikasema kwa upole, *mbona unanifukuza na mimi nimealikwa?*

"Jina lako?"

*Ninaitwa Mwalimu. Hezekiah! Njoo.*

Nta ikayeyuka masikioni mwa Hezekiah ikamtiririka shingoni, nyeusi na yenye damu. Akaivuta kamba mara moja, mara mbili, vidonda vya mikono vikafunguka, kamba ikakatika, akaja mbio kama fahali. Indu alimshika mguu akaburutwa majanini hadi teke likamvunja pua. Hezekiah akamkaba Maalim koo, akamnyanyua kutoka ardhini na kumning'iniza juu ya shimo lile lenye giza, na Maalim, macho yamemtoka na uso umekuwa wa majivu, bado alikuwa anasoma, maneno yakipenya kwa shida kati ya vidole vile, na Wamaitha aliona kila kitu lakini hakuweza kunyanyua mkono wake wala kuufumba mdomo, maana hivyo havikuwa vyake tena, na alihisi ulimi unajikunja kuitamka amri ya mwisho, *Mwachie aanguke nda*...

Meno yalikuwa bado yake. Akauma.

Akauuma ulimi mpaka meno yakakutana. Damu ikaruka mbele, na pamoja nayo kitu chenye joto na uzito kikamtoka kooni kikilia bila maneno, kikapita kati ya watu wale kama upepo wa tanuri, kikatumbukia ndani ya tangi. Hezekiah akaanguka kwa kishindo upande wa nchi kavu, Maalim juu yake. Aliyeusukuma mfuniko wa chuma juu ya mdomo wa tangi ni Indu, damu ya pua ikimchuruzika kidevuni. Chini yake kitu kikagonga kwa nguvu hadi chuma kikabenuka. Kisha kikatulia.

Kabla ya wiki kwisha mfuniko ulimwagiwa saruji. Kaseti hazikutajwa tena, na Mukesh akarudi dukani, akiwasikiliza wateja kwa sikio moja.

Wamaitha alishonwa kilichoweza kushonwa. Alikunywa uji kwa mrija miezi minne. Mvua za Aprili zilipoanza, daktari akamwambia ajaribu kusema kidogo kidogo, na kwa siku nyingi alijaribu peke yake bafuni. Sauti ilikuwa yake, nzito na yenye kitembe, lakini yake. Hakunusa chochote ila sabuni.

Asubuhi moja Hezekiah alikuwa mezani anakunywa chai, ameshika kikombe kwa ncha za vidole kama alivyozoea sasa. Wamaitha akasimama mlangoni, akakusanya pumzi, akamwita kwa upendo wote aliokuwa nao.

"Hezekiah."

Mzee akaweka kikombe chini. Akainuka, akasimama wima, mikono imenyooka ubavuni, uso mtulivu, akangoja kuambiwa la kufanya.