Mama Pacha na Vidonge vya Wifi

Mama Pacha alikuwa mwokaji mikate. Wifi yake, ambaye wateja walimwita Kicheko, aliifunga na kuiuza. Kazi ilikuwa nyingi, na vicheko vilikuwa vingi zaidi.

Watoto pacha walipofikisha mwaka mmoja na nusu, Mama Pacha alisema, "Wifi, nataka kupumzika kuzaa. Hawa wawili wananitoa jasho."

"Nitakugawia vidonge vyangu," Kicheko alijibu. "Mimi vinanipenda."

Mama Pacha akavimeza. Mwezi wa tatu wa kuvitumia, kichwa kikaanza kumgonga. Asubuhi moja aliinamia meza ya unga, macho ameyafumba. Trei nzima ya mikate ikaungua.

Jirani yao muuguzi alikuwa amekuja kununua mkate. "Mama Pacha, wewe huunguzi mikate. Una nini?"

"Kichwa tu."

"Kichwa tu hakiunguzi trei nzima. Twende kituo cha afya."

Kicheko akafuatana nao. Kituoni, muuguzi alimpima Mama Pacha mara mbili. "Mia moja sitini kwa mia moja. Presha iko juu. Unatumia dawa gani?"

Mama Pacha akamtazama Kicheko. Kicheko akatazama dari.

"Vidonge vyangu vya uzazi wa mpango," Kicheko alisema kwa sauti ndogo. "Kumbe nimempa sumu?"

"Si sumu. Vina homoni mbili, na wanawake wengi wanavitumia salama. Lakini kwa baadhi yao hupandisha presha. Vinaweza pia kubadilisha kidogo sukari na mafuta kwenye damu. Mara chache, damu huganda ndani ya mishipa. Presha ikiwa juu, kiharusi au ugonjwa wa moyo unakuwa karibu zaidi. Mvuta sigara aliyefikisha miaka thelathini na mitano asivitumie. Ndiyo maana tunauliza na kupima kwanza."

"Nitajuaje damu imeganda?" Mama Pacha aliuliza.

"Mguu mmoja kuvimba na kuuma, kifua kubana ghafla, au pumzi kukatika. Ukiona hivyo, hospitali saa hiyohiyo."

Kicheko naye akapimwa. Presha yake ilikuwa nzuri, na hakuwa na ugonjwa wowote. Akaambiwa aendelee na vidonge vyake, na apimwe kila mwaka. Mama Pacha aliacha vidonge. Akachagua kitanzi cha shaba, kinachowekwa ndani ya mfuko wa uzazi na kisicho na homoni, akapangiwa siku za kurudi kupimwa.

Baada ya miezi mitatu alirudi na mumewe, seremala, aliyebeba pacha wote wawili.

"Mia moja ishirini na mbili kwa sabini na nane! Presha imeshuka!" muuguzi alisema.

Seremala alirukaruka hadi pacha wakacheka kwa kwikwi.

"Na wewe shemeji, kaa upimwe," muuguzi alimwambia.

Miguu ikaacha kuruka. Alikaa, akafumba macho kama anayechomwa sindano. Presha yake pia ilikuwa nzuri.

Wiki hiyo mteja mmoja alimnong'oneza Kicheko amgawie vidonge viwili vitatu.

"Mkate nitakukatia, dada," alisema Kicheko, akimfungia mkate wake. "Vidonge sigawi tena. Ngoja nivue aproni, nikupeleke ukapimwe."