Dakika ya Thelathini na Moja

Joakim alirudisha rekodi nyuma mara ya tatu, akabana hedifoni kwa viganja vyote viwili, akasikiliza tena.

"Mama Anna, nisikilize basi. Mwanamke gani? Mimi mke ninaye mmoja, niliyefunga naye ndoa kwa padri, na ndiye wewe. Hapa nakula tu kwa mama mmoja mwalimu, mtu mzima. Mwambie Anna baba anarudi Pasaka, namletea baiskeli."

Mlango ukabamizwa. Kuku akalia. Muda kidogo ukapita, kisha sauti ya Violeth ikaendelea na Kiingereza chake kizuri, ikisoma habari za mchungaji mmoja wa kanisa, mnene, aliyenasa kwenye uzio akienda kuposa. Kitabu kilikuwa cha kuchekesha. Joakim hakucheka.

Hiyo sauti ya mwanaume aliijua. Alikuwepo siku ya pete ya uchumba, alikula pilau, alimpa mwenye sauti mkono wa hongera. Alikuwa Raymond, fundi mkuu wa mradi wa mabomba ya maji pale Bariadi, mtu wa Songea, mchumba wa Violeth. Siku hii ya kusikiliza ilikuwa Alhamisi. Jumamosi Raymond alikuwa anapeleka ng'ombe wa mahari kwa Mzee Mayige, baba yake Violeth.

Ngoja niseme ilikuwaje, maana mambo ya hawa wawili yana utaratibu wake. Violeth alikuwa mwalimu wa Kiingereza pale Bariadi, na alikuwa amejiunga na watu wa kujitolea wanaosoma vitabu vya zamani kwa sauti na kuviweka mtandaoni bure, kila msomaji na sura yake. Yeye alipewa sura ya kumi na tisa. Alisomea chumbani kwake, amejifunika blanketi ili mwangwi usisumbue. Akikosea sentensi, hugonga viganja mara moja, pa, halafu anarudia pale pale. Akiitwa nje, hugonga anapotoka na anaporudi. Baadaye haisikilizi sura nzima. Anatafuta ile milio kwenye kompyuta, anakata hapo tu, basi. Kazi ya kusikiliza kila sekunde na kuandika kasoro ni ya mtu mwingine, na mtu huyo alikuwa Joakim, mwalimu mwenzake wa zamani, aliyehamishiwa Nyashimo.

Siku aliporekodi, ng'ombe wa jirani waliingia kwenye bustani yake ya mchicha. Violeth akatoka mbio na fimbo, hakugonga viganja. Simu ikabaki chini ya blanketi ikirekodi. Raymond akaja kula mchana, akakuta nyumba tupu, akaona hapo ndipo pa kumpigia mkewe.

Joakim alijaza fomu kama kawaida: "Dakika 31:07 hadi 33:40. Sauti ya mwanaume, Kiswahili. Si sehemu ya kitabu." Akatuma. Violeth akajibu kwenye wasapu hapo hapo.

"Hahaa, ni siku ile ya ng'ombe. Nakata sasa hivi, asante kaka."

"Usikate. Sikiliza kwanza."

"Nisikilize nini Joakim? Niko saluni, mafundi wa nguo wananisubiri. Nikifika nakata."

Joakim aliandika jibu refu akalifuta. Akaandika fupi, nalo akalifuta. Alimpenda Violeth, na hiyo ndiyo iliyokuwa shida. Mwaka juzi alisimama mlangoni kwao akamwambia anataka kumuoa. Violeth alimjibu kwa upole kwamba anamwona kama kaka. Sasa kaka huyo huyo, siku mbili kabla ya mahari, aje na habari kwamba mchumba ana mke? Hata yeye mwenyewe asingejiamini.

Alasiri akapiga simu.

"Violeth, hiyo sehemu niliyokuandikia, kaa mahali peke yako uisikilize."

"Mbona unanitisha? Nimeshafika nyumbani, Raymond huyu hapa. Raymond, eti kuna sauti ya mwanaume kwenye sura yangu. Msalimie shemeji yako."

Simu ikabadilishwa mikono.

"Shemeji, mwadila," Raymond alisema, na salamu ya Kisukuma ilimtoka vizuri tu. "Sauti gani tena?"

"Ya mtu anaongea na simu."

Raymond akacheka, akasema huenda ni wachungaji wa wale ng'ombe, akamuaga kwa heshima zote. Baada ya dakika ishirini simu ya Joakim ikaita. Ilikuwa namba ya Raymond.

"Umesikia nini?" aliuliza. Safari hii hakukuwa na shemeji wala mwadila.

"Nimesikia habari za Anna."

"Basi nisikilize vizuri, mwalimu. Nimeshamsaidia Violeth kukata, na ile ya mtandaoni tumeweka mpya. Hakuna kitu. Na ukienda kusema, mimi nitauliza swali moja tu: huyu si ndiye aliyekataliwa? Ukoo mzima wa Mayige utakucheka. Utaonekana mwanaume wa namna gani?"

Akakata. Joakim alishikwa na hasira, na hofu pia, kwa sababu Raymond hakukosea. Watu wangemcheka.

Kitu kimoja Raymond hakukijua. Msikilizaji hapakui sura mtandaoni kila akitaka kuirudia. Anaiweka kwenye simu yake. Sura ya kumi na tisa, ile ya kwanza, yenye kuku na mlango na Mama Anna, ilikuwa bado ipo.

Jioni ile aliituma kwa Violeth, na maneno machache: "Sijui utanionaje. Dakika ya 31. Sikiliza, halafu ukitaka usiongee na mimi tena." Ikaonyesha tiki moja. Ijumaa asubuhi, tiki moja. Mchana alipiga, simu haikuita hata mara moja. Alipiga kwa simu ya mwalimu mwenzake, ikaita vizuri lakini haikupokelewa. Ndipo alipoelewa kwamba namba yake ilikuwa imefungiwa, na alijua ni mkono wa nani uliofungia.

Usiku hakulala vizuri. Alijiambia kwamba Violeth ni mtu mzima. Alijiambia kwamba yeye si polisi wa ndoa za watu. Kulipokucha alivaa shati jeupe na kuanza safari ya Bariadi.

Nyumbani kwa Mzee Mayige, pembeni ya mji, turubai lilikuwa limeshafungwa na wanawake walikuwa wanachagua mchele. Joakim alikwenda moja kwa moja kwenye nyumba kubwa. Mlangoni alikaa Shangazi Nyanjige, dada wa Mzee Mayige, mwanamke ambaye hata mbwa wa pale walimpisha.

"Mwangaluka, mayu," Joakim alisalimia kwa Kisukuma, akimwita mama, amejiinamisha.

"Mwangaluka. Unakwenda wapi?"

"Naomba kuonana na Violeth, dakika tano tu."

"Binti akishafungiwa ndani haonani na mwanaume mpaka baba yake amwite. Hata kama ungekuwa askofu."

Joakim alitoa simu na hedifoni. Alikuwa ameshaiweka ile sura pale inapotakiwa, kilichobaki ni kugusa tu.

"Basi mpe hii. Mwambie msikilizaji ameikataa sura. Maneno hayo hayo, mayu, usibadilishe."

Nyanjige alimtazama muda mrefu. Alimjua tangu alipokuja kuposa mwaka juzi na kuondoka kichwa chini. "Ni mambo ya wivu haya?" aliuliza.

"Wivu ninao," Joakim alisema. "Lakini si mimi ninayeongea humo ndani."

Nyanjige alichukua simu, akaingia. Hakutoka tena. Muda ukapita, na upande wa barabarani vumbi likaanza kuonekana. Ng'ombe walikuwa wanakuja.

Walikuwa ng'ombe wazuri, wanono, na vijana waliwaswaga kwa mbwembwe. Raymond alikuwa nyuma yao na suti ya kijivu, kando yake mzee mmoja aliyetambulishwa kama baba mdogo kutoka Songea. Joakim alimkodolea macho mzee huyo na kumkumbuka. Alikuwa dereva wa lori la mabomba kwenye mradi wa Raymond, aliyemleta siku ya pete. Raymond naye alimwona Joakim. Tabasamu lilipungua kidogo, halafu likarudi.

Salamu zikatolewa, mshenga akasema yake, wazee wakakagua mifugo, wakaguna kwa kuridhika. Joakim hakusikia hata neno. Alikuwa anautazama mlango. Pengine shangazi ameiweka simu chini ya mto. Pengine Violeth amesikiliza na ameamua kunyamaza, wapo wanaonyamaza, na pilau limeshaiva.

Kwa Mzee Mayige ng'ombe hawaingii zizini mpaka binti mwenyewe atamke mbele ya watu. Mzee hakuwahi kumtoa binti bila kauli yake, na watoto wake wote walilijua hilo. Akamwita.

Violeth alitoka na shangazi yake. Alikuwa amevaa vitenge viwili vya rangi moja, nywele zimesukwa vizuri, na macho makavu kabisa. Mkononi alishika simu ya Joakim.

"Mwanangu," Mzee Mayige alisema, "huyu kijana ameleta ng'ombe. Tuwapokee?"

Violeth alimpa shangazi ile simu. Akanyanyua mikono, akagonga viganja mara moja. Pa.

Watu wakatazamana. Mmoja akadhani ni furaha, akaanza kushangilia, kisha akanyamaza mwenyewe.

"Hiyo ndiyo nini sasa?" mzee akauliza.

"Baba, mimi nikisoma nikakosea, hugonga hivi, halafu narudi pale kosa lilipoanzia. Hapa nimekosea." Akamgeukia Raymond, wala hakupandisha sauti. "Raymond, Anna ana miaka mingapi?"

Raymond alimtazama yule dereva, na dereva alitazama ng'ombe.

"Violeth, haya tuyazungumze ndani," alisema.

"Ndani ulishayazungumza, siku nafukuza ng'ombe. Nakuuliza miaka tu. Mtoto anayesubiri baiskeli ana miaka mingapi?"

"Sita," Raymond akasema, polepole, kama mtu anayejibu mwalimu.

Raymond akajikaza, akanyoosha kidole kwa Joakim. "Na huyu? Mbona hammuulizi huyu? Huyu alimtaka, akakataliwa. Ndiye aliyeyapanga haya yote."

"Alinitaka," Violeth alisema. "Alikuja mlangoni kwetu mchana kweupe akasema, na hakuwa na Mama Anna aliyemficha."

Mzee Mayige hakutukana mtu. Alimwambia mshenga maneno mawili kwa Kisukuma, na vijana wakawageuza ng'ombe. Walitoka taratibu kuliko walivyoingia, maana walikuwa wameshaonja majani ya pale. Raymond alitembea nyuma yao na suti yake, vumbi likimfuata.

Violeth ndipo alipolia. Alilia sana, begani kwa Nyanjige, na Joakim hakumsogelea. Alirudishiwa simu yake na mtu mwingine, akaondoka bila kuonja pilau.

Miezi minne ikapita. Namba ilifunguliwa, lakini waliandikiana ya kazi tu. Jumatano moja ikaja sura ya kumi na tisa, imesomwa upya mwanzo hadi mwisho. Joakim alivaa hedifoni. Mchungaji alinasa kwenye uzio, na safari hii Joakim alicheka mpaka akatokwa machozi. Hakukuwa na kuku wala mlango. Sura ikaisha, zikaja sekunde tano za ukimya ambazo kila msomaji lazima aziache mwishoni. Alizihesabu. Baada ya ya tano, viganja vikagongwa mara moja, kisha sauti ya Violeth ikaja, kwa Kiswahili, karibu sana na kipaza sauti.

"Joakim, lile swali lako la mwaka juzi nililijibu vibaya. Njoo uliulize tena."

Joakim akaivuta fomu, akaijaza kama utaratibu unavyotaka.

"Dakika 43:12. Sauti ya mwanamke, Kiswahili. Si sehemu ya kitabu. Kata kabla ya kuweka mtandaoni. Mimi nakala yangu naibakiza. Nakuja Jumamosi."